Likizo ya Zanzibar, presha ya mama, na malaria iliyotufuata mpaka Njombe

Kila nikisema tulienda Zanzibar familia nzima watu wanauliza hoteli ilikua bei gani na kama kweli maji ni ya bluu vile vile kama kwenye picha. Hakuna anaeuliza nani aliumwa. Na sisi tuliumwa karibu wote, kwa zamu, mpaka hela tuliyotumia kwenye vipimo na dawa ingetosha kabisa kutulaza usiku mmoja zaidi pale pale ufukweni. Simtishi mtu asisafiri, nendeni jamani, maisha yenyewe ndo haya, ila kuna vitu mtu akikwambia mapema unavikwepa kirahisi sana na vingi wala havihitaji hela.

Kwanza mjue tunatokea wapi. Sisi ni watu wa Njombe, huku juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, asubuhi unavaa sweta hata mwezi wa kumi na mbili, mbu ni wachache na malaria kwetu ni ugonjwa wa watu waliotoka safari. Msafara ulikua mimi, baba watoto, watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 3, na mama yangu mzazi ambae ana presha na anakunywa vidonge kila siku. Mawazo yetu yote yalikua kwenye chakula cha njiani na bahari. Nilibeba dawa ya kuharisha, panadol, plasta, nikajiona nimemaliza.

Sasa shida ya kwanza ikaanzia ndani ya basi, tena kabla hata ya Makambako.

Njombe mpaka Dar ni kama kilomita 700, mnaondoka alfajiri mnafika usiku umeshaingia. Alfajiri ile tunajiandaa mama ananiita pembeni, ananinong'oneza, "Mwanangu, hiki kidonge cha kukojoza leo sikinywi. Nitamsimamisha dereva mara ngapi mimi mtu mzima?" Nikamwambia mama kunywa, akanyamaza, kumbe hakunywa. Na maji pia hakunywa. Alishika ile chupa mkononi toka Njombe mpaka tunateremka mlima Kitonga, kifuniko hakijakatwa. Na ukishashuka Kitonga ukafika Ruaha Mbuyuni hali ya hewa inabadilika ghafla, ni joto la kukaanga, sie tuna masweta, mama kajifunga na kitenge juu.

Wanawake mnanielewa hapa. Basi likisimama mtu achimbe dawa, wanaume wanashuka wanamaliza dakika mbili, sisi unaangalia kichaka chenyewe kifupi, kuna watu, kuna nyasi ndefu hujui ndani kuna nini, unasema ah nitavumilia mpaka stendi. Kwa hiyo dawa yetu ni moja, kutokunywa maji. Nilifanya hivyo hivyo hata mimi. Masaa yote hayo nimekunywa soda nusu.

Tulipofika Morogoro mama akaanza kusema kichwa kinagonga na anaona kizunguzungu. Nikasema basi tumpe dawa zake, dawa ziko wapi, ziko kwenye begi kubwa, begi kubwa liko kwenye buti, na juu ya begi letu kuna magunia ya viazi ya abiria wengine. Konda alikua mtu mzuri, alisema "mama vumilia, Mbezi hapo tu," lakini Morogoro na Mbezi sio hapo tu, foleni ya kuanzia Kibaha kila mtu anaijua. Tumeshuka stendi ya Magufuli mama anatembea kama anapima ardhi, tukaingia duka la dawa lenye mashine ya presha, ikasoma 178 kwa 104. Yule dada wa dukani alitwambia tusimpe dawa za kubahatisha pale, tumpeleke akaonwe na daktari. Tulienda, akapumzishwa, akanywa vidonge vyake vya kawaida, ikashuka taratibu. Ilituchukua usiku mzima na kama elfu sitini na kitu ukijumlisha na taksi.

Daktari alimwambia mama kitu ambacho nakiandika kama kilivyo kwa sababu najua wazazi wengi wanafanya hii. Kidonge cha kukojoza hakirukwi kwa sababu ya safari, ila kabla ya safari nenda kwa daktari anaekuandikia umwambie nitakaa kwenye basi siku nzima, anaweza kukupangia muda mwingine wa kukinywa siku hiyo, aamue yeye, sio wewe uamue mwenyewe gizani. Na dawa za kila siku, iwe presha iwe sukari iwe pumu, zinakaa kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake zenye majina, na zinazidi siku za safari kidogo maana basi huharibika na meli huahirishwa. Kurudi tulifanya hivyo na tukakaa siti za mbele, mama mwenyewe ndo alimwambia dereva toka asubuhi "mwanangu mimi nina kidonge changu," kijana wa watu akasimama kila alipoombwa, hakuna aliyelalamika.

Miguu ya mama pia ilivimba mpaka viatu vikagoma. Hii ya kuvimba yote miwili baada ya kukaa sana ni kawaida, ilipungua alipolala kaiweka juu ya mto. Kinachotakiwa ni kushuka kila basi linaposimama, hata kama huna haja, utembee tembee, na mkiwa ndani unachezesha vifundo na vidole vya mguu. Cha kuogopa ni mguu mmoja tu ukivimba, unauma kwenye shavu la mguu, una joto, hapo inaweza kua damu imeganda kwenye mshipa na hiyo sio ya kukanda na maji ya moto, ni hospitali. Na mtu akianza kubanwa kifua au kuhema kwa shida baada ya safari ndefu usisubiri asubuhi.

Mimi zawadi yangu ya kutokunywa maji niliipata kesho yake hapo hapo Dar. Kwenda chooni kila baada ya dakika kumi, tone mbili, moto. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Baba watoto akaniambia si ununue zile dawa ulizotumia mwaka jana, nikakataa, nikaenda kupima mkojo, elfu tano, nikapewa dawa inayohusika nikaimaliza yote na nikanywa maji mpaka nikachoka. Kama una homa, unatetemeka, na maumivu yamepanda mbavuni kwa nyuma, hiyo imeshafika kwenye figo na hapo duka la dawa sio mahali pake.

Basi, boti. Desemba ni kaskazi, bahari inakua na mawimbi yake ila wenyeji wanasema ngoja uione wakati wa kusi, mwezi wa sita wa saba, ndo utamjua Mungu. Safari ni kama masaa mawili. Nilikua nimenunua vidonge vya kuzuia kichefuchefu, nikasema watavinywa wakianza kujisikia vibaya. Haifanyi kazi hivyo. Kile kidonge kinatakiwa kinywewe kama saa moja kabla ya boti kuondoka, ukisubiri mpaka tumbo limeshageuka kinatoka chenyewe na chai ya asubuhi. Wahudumu walipita wakigawa vifuko, na jinsi walivyokua wanavigawa bila kuangalia usoni unajua hawa wameona mengi. Mkubwa wangu alijaza. Kuna baba mmoja abiria, mzee wa kanzu, akatwambia "mtoeni nje huyo, mkalisheni nyuma apate upepo, na asitazame simu, atazame kule mbali kabisa." Tukamtoa, akatulia ndani ya muda mfupi. Kukaa katikati au nyuma ya boti chini kunayumba kidogo kuliko mbele na juu, na tumbo lisiwe tupu wala lisijazwe, mkate mkavu na tangawizi inatosha. Zile dawa nyingi zinaleta usingizi na watoto wadogo wengine hawaruhusiwi kabisa, haswa chini ya miaka 2, kwa hiyo mwambie mfamasia umri na kilo za mtoto, usimkatie nusu ya yako.

Unguja siku ya kwanza mdogo alijaa harara mgongo mzima na shingoni. Mtoto wa baridi kashushwa kwenye joto na unyevu wa pwani. Tulikua tunampaka mafuta mazito, ndo tunaongeza, wenyeji wakatwambia acheni mafuta, muogesheni maji ya kawaida mara kwa mara, mvalisheni pamba nyepesi au mwacheni tumbo wazi. Iliisha. Na weusi wetu usitudanganye, baba watoto alishinda majini toka asubuhi akaungua mabega mpaka ngozi ikatoka, siku mbili halali chali. Mchana kati ya saa nne na saa tisa hivi tafuta kivuli au vaa fulana hata ukiwa ndani ya maji.

Jioni ile tukaenda Forodhani, ile bustani ya Mji Mkongwe wanapouza vyakula usiku. Sitasema vibaya Forodhani, urojo wa pale nitaufuata tena hata kesho. Ila kama una mtoto mdogo angalia unachompa. Chakula kinachotoka motoni mbele yako kikiwa kinachemka, kula. Mishkaki iliyochomwa tangu magharibi imekaa juu ya meza inasubiri mteja, acha. Na juisi ya miwa, muwa wenyewe hauna neno, neno liko kwenye barafu na kwenye maji ya kuoshea glasi. Mdogo alikunywa glasi nzima.

Tukahamia Paje, kijiji cha ufukweni upande wa mashariki wa Unguja. Usiku wa pili pale, saa nane, naamshwa na harufu. Mtoto ameharisha kitanda kizima, anaharisha maji, halafu anatapika. Mimi yale madawa niliyobeba kwa mbwembwe toka Njombe yakawa hayana kazi, kwa sababu ile dawa ya kufunga tumbo ya watu wazima haipewi mtoto, na zile antibayotiki ambazo kila nyumba Tanzania wanazo kwenye droo hazitibu kila kuharisha, kwa watoto kuharisha maji kwingi ni virusi. Kinachoua ni kupungukiwa maji. Kinachookoa ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na ORS sikua nayo hata pakiti moja, kitu cha shilingi mia tano.

Mwenye nyumba, Mungu ambariki, aliamka akatupa sukari na chumvi. Tukachemsha maji, tukapoza, lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima vizuri maana chumvi ikizidi ni hatari, na kesho yake yaliyobaki mwaga utengeneze mengine. Nikampa kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika nasubiri kama dakika kumi naanza tena. Wanasema mtoto wa zaidi ya miaka 2 apate kama nusu kikombe mpaka kikombe kila akiharisha. Asubuhi tukaenda nae kituo cha afya kwa bodaboda, wakatupa ORS zenyewe na vidonge vya zinki, 20 mg kwa siku kwa siku 10, na walisisitiza tumalize hata kama kuharisha kumeisha. Soma pakiti ya ORS, kuna za lita 1 na kuna za maji kidogo, watu wanachanganya kwenye kikombe kimoja cha chai halafu wanashangaa mtoto anazidi. Madafu ni mazuri, tulimpa, ila chumvi yake haitoshi kuchukua nafasi ya ORS. Na chakula anaendelea kula, anaenyonya anaendelea kunyonya.

Dalili walizotwambia tukiziona tukimbie ni macho kuingia ndani, kulia bila machozi, kulegea au usingizi usioeleweka, damu kwenye choo, kushindwa kunywa kabisa, na kukaa muda mrefu bila kukojoa. Nilikua nachungulia ule mdomo wake kila baada ya dakika tano kuona kama bado una mate. Sijawahi kuchukia glasi ya juisi kama ile.

Huku mdogo anapata nafuu, mkubwa akaenda kutembea maji yalipokupwa. Paje bahari inarudi mbali kweli, unatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani ya kina mama, na kule kwenye mawe kuna wale wadudu weusi wenye miba mirefu. Akakanyaga. Miba kama saba imekatikia kisiginoni, mimi nishatoa pini, mama mmoja wa mwani akaja mbio, "Usiutoe kwa pini dada'angu, unakatika vipande vipande humo humo." Akatuma mtoto alete papai bichi, akalikwangua ule utomvu akampaka, sisi tukaongeza kuloweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika karibu saa zima, na kwa kweli maumivu yalipungua, iliyokua juu juu ikatolewa na kibano, iliyobaki ikatoka yenyewe baada ya siku. Maji ya moto mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, mguu wenye maumivu hausikii kama unaungua. Ukiona unavimba, unatoa usaha au mwiba umeingia kwenye kiungo, hospitali. Yeboyebo za elfu tano zingemaliza haya yote.

Sasa lile kubwa. Kurudi tulipitia Mkuranga, kusini ya Dar mkoa wa Pwani, kwa shangazi wa baba watoto. Kule ndo raha yenyewe, tulilala siku kadhaa, wali wa nazi, samaki, stori. Chandarua kilikua kimoja cha ziada, wakalalishwa watoto na mama. Baba watoto usiku anakaa barazani na mjomba mpaka saa sita, kaptula, kifua wazi kwa joto, akichoka anajitupa kwenye mkeka sebuleni. Mbu wa malaria anafanya kazi usiku haswa. Mimi nilijifunika shuka gubi gubi nikaloa jasho, sijui ndo iliyonisaidia au ni bahati tu.

Tumerudi Njombe, watu wameshaanza kazi, kama wiki mbili zimepita, baba watoto akaanza kusema mwili unauma. Kichwa, baridi, jasho. Njombe kusikia baridi ni jambo la kila mtu kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Akasema mafua. Akaenda kituo kimoja karibu na kazini wakampima wakamwambia taifodi na UTI, akarudi na mfuko wa dawa. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, na yeye hakusema, kwa akili yake Zanzibar ilishaisha. Siku ya tatu alikua anatapika kila kitu mpaka zile dawa, usiku akaanza kuongea maneno hayana kichwa wala miguu, ananiita kwa jina la dada yake. Hapo nilipata nguvu sijui zilitoka wapi, nikamuita jirani mwenye gari.

Hospitali daktari wa zamu, kijana mdogo kabisa, swali lake la kwanza ni hilo, "Shikamoo mama, mzee amesafiri hivi karibuni?" Nikasema Zanzibar, Mkuranga. Akatoboa kidole, kipimo cha haraka, mistari miwili ndani ya dakika kumi na tano. Malaria, na imeshakua kali. Akapigwa sindano za artesunate, ya kwanza pale pale, nyingine baada ya masaa 12, nyingine baada ya masaa 24, alipoweza kumeza akaanzishiwa dawa mseto dozi kamili ya siku 3, ile ya mara sita, ya pili masaa 8 baada ya ya kwanza halafu asubuhi na jioni. Waliniambia ainywe na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifanye kazi vizuri. Alipopata nafuu alitaka kuachia katikati, nikakaa nae mezani mpaka amemeza ya mwisho.

Daktari alitueleza kwamba watu waliokulia sehemu za baridi kama sisi miili haina mazoea na malaria, kwa hiyo mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kuzidiwa haraka kama mtoto mdogo. Na kwamba vimelea vinakaa siku 7 au zaidi kabla ya homa kuanza, mara nyingi kama siku 10 mpaka 15, kwa hiyo likizo inakua imeshasahaulika kabisa. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka sehemu yenye malaria unapimwa malaria siku hiyo hiyo, na ukiingia tu mlangoni unaanza kwa kusema nilikua mahali fulani, usisubiri kuulizwa. Ukienda sehemu za namna ile unaenda na chandarua chako kwenye begi, kinakunjika hakina uzito, na dawa ya kupaka ya mbu jioni. Mjamzito ndo aende akaongee na kliniki kabla hajakata tiketi.

Bili ya hospitali ilifika laki mbili na kitu na bima ikabeba sehemu. Mwezi uliofuata mdogo nae akaamka na homa, safari hii sikusikiliza habari za mafua, tulikua hospitali saa mbili asubuhi, nikaanza na Mkuranga kabla hata ya kutaja jina la mtoto. Wakapima, hakuna kitu, ni mafua tu. Elfu tano ya kipimo nikalipa, tukarudi nyumbani akanywa uji akalala.